Majibu Yalikuwa Manne

Endelea kukunja mdomo. Wakunja midomo kama wewe ndio hukimbia wa kwanza, tena na kiatu kimoja. Hukuwapo, basi nyamaza usikilize.

Tan Peiyao, mwanamke mtafiti wa lugha, alitoka mjini Changsha, China, na kinasa sauti chake, akapanda hadi kijiji kimoja cha milimani, kusini mwa Hunan, ambako lugha haisikilizani hata na ya kijiji cha ng'ambo ya mto. Waliobaki kuisema ni wazee watupu. Akapanga chumba kwa Bibi Ouyang, mjane mwenye ulimi wa wembe, na kutwa akawa anamuuliza: hiki mnakiitaje, kile mnakiitaje, sema mara tatu. Mara tatu ndiyo desturi ya kazi yao, sauti itoke safi.

"Umesoma mpaka ukavaa miwani," Bibi akamwambia, "uje uniulize mwiko unaitwaje?"

Peiyao akijaribu kulirudia neno, Bibi alicheka mpaka akakohoa. Ulimi wa mjini, alisema, sauti yake inapanda pale pa kushuka.

Siku moja ya mvua wakafika kwenye maneno ya kuita roho. Mtoto akishtuka akaugua, mama husimama mlangoni akamwita kwa jina arudi, na mtu wa ndani huitikia kwamba amerudi. Bibi akagoma, jina haliitwi bure. Peiyao akambembeleza, ataje jina lolote, ni mfano tu. Kikongwe akautazama mlango, akatazama tena, kisha akamwita Qiuling, bintiye aliyechukuliwa na mto, maiti isionekane. Akamwita mara tatu. Na Peiyao, kwa uchu wa kunasa na jibu, akaitikia mwenyewe mara tatu: amerudi.

Alipokuja kusikiliza, majibu yalikuwa manne.

Akajiambia ni mwangwi. Lakini chumba kikaanza kunuka tope la mto, na mto wake wa kulalia ukawa unaloa upande mmoja, kama kuna mwenye nywele mbichi anayelalia hapo. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Akitafuta neno la kwao la chumvi, la mlango, la mama, analikuta la kijijini limekaa mahali pake, tena limekaa sawasawa, halipandi pa kushuka.

Mwanawe Anning akapiga simu kutoka Changsha. Peiyao akamwambia anampenda, anakuja nyumbani, asilie, na kila alivyozidi kusema ndivyo mtoto alivyozidi kunyamaza, mpaka akasikia sauti ndogo ikimnong'oneza baba yake kando ya simu: "Baba, huyu siyo mama."

Akamwangukia Bibi miguuni. Bibi akamleta mganga Deng, mzee wa kengele na ubani, naye alipomchungulia Peiyao machoni alirudi nyuma hatua.

"Aliyemwita ndiye wa kumfukuza," alimnong'oneza Bibi. "Mwambie aende. Mara tatu, usimtaje jina. Ukichelewa, huyu mtoto wa watu hatapata pa kurudi."

Bibi Ouyang akasimama mbele ya Peiyao. Akasema nenda. Maji yakaanza kuchuruzika kutoka nyweleni mwa Peiyao, nywele zilizokuwa kavu, yakashuka shingoni, yakajaa sakafuni, na harufu ya tope ikapanda hadi mganga akaziba pua kwa kiganja, huku Peiyao, huko chini kabisa ndani ya mwili wake, akisikia jina la mwanawe likimponyoka silabi kwa silabi, na akimwomba kikongwe kwa macho, maana mdomo haukuwa wake tena. Bibi akasema nenda mara ya pili.

Ya tatu ikamkwama.

"Bibi," mganga akasema taratibu. "Malizia."

Bibi akanyoosha mkono, akamwondolea yule mwanamke nywele mbichi usoni.

"Una njaa?" akauliza.

"Nina njaa, mama," mdomo ukajibu, kwa lugha ya pale, bila kosa hata moja.

Bibi Ouyang akamtoa mganga nje kwa kumshika mkono, akarudi ndani kuinjika wali, na mlango akaufunga nyuma yake.