Spana ya Polepole

Jumatano, tarehe 9 Julai 2014, ilianza kama siku nyingine yoyote katika chumba cha MRI, ule mtambo upigao picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Mpiga picha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliwavua wagonjwa saa, mikanda na vibanio vya nywele, akiwakumbusha kuwa sumaku ile haizimwi. Hata mtambo ukinyamaza, inavuta.

Tarehe kama hiyo, mwaka uliotangulia, sumaku iliuvuta mtungi wa oksijeni ukamponda kichwa mdogo wake mpiga picha. Alikuwa msukuma vitanda, wakimwita Polepole, kwani hakuna aliyewahi kumharakisha. Huyo ndiye aliyeandikwa katika ripoti kuwa "alikurupuka kuingia bila kuuliza." Maneno hayo yalikuwa ya mganga mkuu wa hospitali, shahidi pekee, kwani dada mtu alikuwa ametumwa nje. Mama yao alimzika mwanawe pamoja na aibu. Spana ya kufungulia mtungi haikuonekana tena.

Sasa mganga mkuu mwenyewe aliingia, kashika kiuno.

"Una chuma chochote mwilini, mkubwa?"

"Chuma ni roho yangu tu, dada." Akacheka peke yake.

Mpiga picha alimkagua mara mbili. Akamlaza, akafunga mlango, akaketi nyuma ya kioo.

Mtambo ukanguruma. Kisha ukanyamaza wenyewe.

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Dada… nani kasimama miguuni pangu?"

Ng'ambo ya kioo, penye mtambo, hapakuwa na mtu mwingine.

"Uko peke yako, mkubwa."

"Ananiuliza. Ananiuliza tena."

"Anauliza nini?"

"'Mkubwa, una hakika mtambo umezimwa?'"

 Kumbe mdogo wake aliuliza.

"Nawe ulimjibu nini?" akanong'ona.



"Nilimwambia umezimwa. Nitoe, mwanangu. Nitoe!"

Akamtoa. Juu ya kifua chake ilikuwapo spana. Chuma kitupu, mdomoni mwa sumaku, imetulia kama jani. Baridi. Mpinini, alama aliyoichonga Polepole.

Jumatatu, tarehe 14, mganga mkuu alirejea kazini akisema ngurumo zilimchanganya akili. Yaliyoandikwa hayakufutwa. Mama mtu angali akipita njiani kainamisha uso.

Spana iko mezani kwa mpiga picha, kazini. Kila jioni huigeuza ielekee ukutani. Kila asubuhi huikuta imeelekea mlango wa mganga mkuu, tena imesogea, kidogo tu, ukingoni mwa meza.