Muratina Gani?

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumamosi, Ndinda aliingia jikoni kwake Kabati kuchukua kata. Aliinua macho ukutani, juu ya mafiga. Kiondo alichokiacha kimetuna kilikuwa kimesinyaa. Alitia mkono ndani, akautoa mtupu.

Hakupiga kelele. Alitoka hadi ukumbini, akamshika Kathini mkono, akamvuta nyuma ya tangi la maji.

"Miatine haiko," alimwambia kwa Kikamba, kwa sauti ambayo watu hutumia kutaja msiba.

Kathini hakuhitaji kuelezwa. Miatine hiyo ilikuwa vipande vitatu vya tunda kavu, vyepesi kama sifongo, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Ndivyo vilivyochachusha asali ya Ndinda ikawa kaluvu, pombe ambayo watu wengine huiita muratina. Vilikuwa vya mama yake, na kabla ya hapo vya nyanya yake. Sokoni vipo vingine, na ukivinunua utapata pombe, ila si hii. Alasiri hiyo wanawake wa kikundi chake cha kutengeneza kaluvu wangekuja kuvilowesha. Alhamisi wakaguzi wangekuja kuonja, na leseni waliyoiomba kwa miaka sita ilitegemea ladha ya siku hiyo moja.

"Tuite polisi?" Kathini aliuliza.

"Polisi watauliza leseni kabla ya kuuliza mwizi. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Kathini alikuwa mkalimani wa korti ya Kitui kwa miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu. Aliwatafsiria akina mama wasiohesabika walioletwa na vyungu vyao vya pombe. Sasa pombe ile ile iliyowafunga ilikuwa imeitwa utamaduni, wageni wakaja kuipiga picha, na yeye, mtu wa kanisa asiyeonja hata tone, aliombwa aje kuwatafsiria.

"Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Saa saba na dakika ishirini. Kisha tukaenda kwa mizinga."

"Tukarudi saa saba na dakika hamsini. Nani anajua unaiweka pale?"

"Wewe. Na mwezi wa tatu mtu alinitumia ujumbe kwa simu, eti anataka kuinunua. Hakutaja jina. Nilimjibu akanunue ng'ombe."

Wageni walikuwa wanne, na siku yao ilikuwa na ratiba. Sandra, msichana wa Nairobi aliyepanga safari, aliandika kila kituo kwenye kikaratasi: saa mbili asubuhi, divai ya maembe kiwandani Kambu; saa sita mchana, Kabati, kaluvu kwa muthokoi wa mahindi na maharagwe, na divai ya maembe kwa mbuzi wa kuchoma; saa tisa kuondoka. Ben alikuwa dereva. Mugo alikuwa mfanyabiashara wa vinywaji, mtu wa Nyeri aliyehamia Kambu zamani. Wa nne ni Kaloki, mwenye kile kiwanda cha Kambu, mtoto wa marehemu Musyoka, aliyewahi kuwa chifu wa hapa Kabati. Huyu alikuja na sanduku la chupa sita za divai yake, za kuonjesha mezani. Mbili zilifunguliwa wakati wa kula.

Ni Sandra peke yake aliyewafuata kwenye mizinga. Wale wanaume watatu walibaki.

Kathini alirudi ukumbini, akasimama kama alivyokuwa akisimama kortini, mikono mbele.

"Samahani wageni. Muratina ya Mama Ndinda imeibwa."

Ndinda aligeuka kumsahihisha. Kathini alimfinya mkono kumzuia.

"Ai, shosho! Lita ngapi?" Sandra alishtuka.

Ben alikuwa tayari amesimama. "Mama, kuja tufungue buti. Mtungi hauwezi kufichika kwa gari ndogo kama hii. Angalia hata chini ya viti."

"Ngoja kwanza," Mugo alisema, akilishika koti lake kifuani. "Muratina gani? Ile ya kunywa, ama ile ya kupikia? Kwetu jina ni moja."

Wote walimtazama. Kaloki alicheka.

"Huyu anajua mambo mengi," alisema. Alisimama, akapindua mifuko ya suruali ikaning'inia nje kama masikio ya mbuzi, kisha akafungua zipu ya kimkoba chake cha ngozi. "Mimi naanza. Angalia, mwaitu. Simu, leso, Biblia ndogo. Tusishukiane bure."

"Asante, mwanangu," Kathini alisema.

Alimchukua Ben kwanza, mpaka kwenye gari.

"Ulikuwa wapi tukiwa kwa mizinga?"

"Hapa hapa. Napanguza kioo. Mzee Mugo nilimwona akizunguka upande wa jikoni, tena mara mbili."

"Na Kaloki?"

"Alikuwa kwa simu huku na huku. Aliniomba selotepu, nikampa. Sikufuatilia, mama, kazi ya dereva ni kutofuatilia."

Mugo alipoitwa, jasho lilikuwa limempanda hadi kwenye nyusi.

"Mzee, hiyo koti imebeba nini?"

"Hakuna kitu."

"Kitu hicho kinadondosha mafuta."

Mugo alitazama chini, akaona doa. Alifungua koti polepole, akatoa furushi la gazeti. Ndani mlikuwa na mbavu tatu za mbuzi.

"Ni Bilha," alisema. "Mke wangu. Aliniambia nikirudi bila nyama ya Kitui nilale nje. Niliona aibu kuomba. Nilizunguka jikoni nikitafuta gazeti."

"Ungeomba, ungepewa mguu," Ndinda alimwambia kutoka mlangoni. "Sasa utakula hizo mbavu na aibu yako."

Kathini hakucheka. Alikuwa akisikiliza nje. Saa ilikuwa inakaribia tisa, Sandra alikuwa ameanza kuita watu garini, na Kaloki alikuwa amemwomba Ben ampakilie sanduku lake. Ben alilirusha begani, akaruka mtaro ulio kati ya nyumba na gari mara moja bila kutumia daraja, akatua upande wa pili.

Kathini alisubiri sauti. Haikuja.

"Ben," aliita. "Weka hilo sanduku chini."

Watu walikusanyika. Kaloki alikuja wa mwisho.

"Lina chupa ngapi?"

"Nne, mama. Mbili tulimaliza mezani."

"Litikise."

Ben alilitikisa. Kimya. Alilitikisa tena, kwa nguvu, na uso wake ukabadilika. "Lakini nimebeba soda miaka tisa. Chupa nne kwa sanduku la sita hupiga kelele kama kwaya."

"Nimejaza karatasi," Kaloki alisema. "Zisivunjike. Barabara ni mbaya."

"Barabara ya kwenda Kambu ni lami," Sandra alisema.

"Tufungue tuone karatasi," Kathini alisema.

Ben alichana selotepu yake mwenyewe. Kwenye zile nafasi mbili tupu, vikiwa vimekandamizwa vizuri, vilikuwa vipande vitatu vya rangi ya kahawia. Ndinda alitoa sauti ndogo, akafunika mdomo.

"Mtu amenitegea," Kaloki alisema upesi. "Sanduku lilikuwa ukumbini, kila mtu alipita. Huyu Mugo ndiye aliyeuliza ile ya kupikia! Alijuaje?"

"Mugo aliuliza kwa sababu hakujua," Kathini alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilitangaza muratina, na hapa kwetu ukisema muratina watu wanafikiria kinywaji. Sandra aliuliza lita. Ben alitaka tuangalie buti. Mugo aliuliza ni ipi kati ya mbili. Wewe, Kaloki, ulipindua mifuko ya suruali. Hebu niambie, mwanangu, mtungi wa pombe huingia mfuko gani?"

Mugo alipiga paja lake akasema, "Haki ya Mungu!"

"Wewe tu ndiye uliyejua kwamba kilichopotea ni kikavu na ni kidogo. Ujumbe wa mwezi wa tatu ulikuwa wako?"

Kisha Kaloki akaketi juu ya sanduku, kama mtu aliyechoka kwa siku nyingi.

"Wangu," alisema. "Nimejaribu kutengeneza kaluvu mara kumi na nne. Asali safi, maji ya kuchujwa, matangi ya chuma. Lebo ziko tayari. Inatoka tamu, lakini haina mtu ndani. Baba alikuwa akituambia hakuna kaluvu duniani kama ya nyumba hii."

Ndinda alimkaribia. "Alijuaje? Baba yako alipasua vyungu vyetu. Alikuwa akimwaga."

Kaloki alitazama viatu vyake.

"Hakumwaga yote, mwaitu."

Kathini alikumbuka mwaka wa themanini na saba, chifu akiwa kwenye kizimba cha mashahidi na Biblia mkononi, akieleza jinsi alivyomwaga ushahidi wote kwenye mchanga. Yeye ndiye aliyekitafsiri kiapo hicho, neno kwa neno. Ndinda alifungwa miezi mitatu. Chifu akarudi nyumbani kulainisha koo.

"Sandra," Kathini alisema, "Kambu ibaki kwa ratiba yako?"

"Haibaki, shosho," Sandra alisema, akaikata kwa kalamu pale pale, mbele ya mwenyewe.

"Inuka," Ndinda alimwambia Kaloki. "Uvirudishe jikoni kwa mkono wako mwenyewe. Na usiende haraka. Wanawake wa kikundi ndio wale wanaingia, nataka wakuone."

Alivirudisha. Wanawake tisa walisimama pande mbili za njia, na hakuna aliyemtukana. Aliingia na kutoka akiwa ameinamisha kichwa. Saa tisa na dakika ishirini gari liliondoka, Mugo akiwa na mguu mzima wa mbuzi juu ya mapaja.

Ndinda alimimina maji ya vuguvugu kwenye kibuyu, akavinusa vile vipande kimoja kimoja.

"Siku ile kortini," alisema bila kugeuka, "hakimu aliuliza kama nimebaki na kitu chochote cha kutengenezea. Nilijibu nini?"

"Ulisema, 'Imelala na mtoto.' Ulikuwa umemfunga mgongoni, vipande vikiwa ndani ya mbeleko."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia, 'Anasema hana, mheshimiwa.'"

"Kwa hiyo leo ni mara ya pili unatafsiri vibaya."

"Ya pili," Kathini alisema. "Na ile ya kwanza bado sijaitubu."

Ndinda alikitumbukiza kipande cha kwanza majini.