Dira Iliyoelekea Mlangoni

Jua lilikuwa limeshateremka nyuma ya winchi za bandari ya Kure wakati Tokuji Munekata alipoanza kupanda ngazi za mlimani. Mkononi alishika boksi la vikeki vya maharage matamu, zawadi ya kumpelekea mwenyeji wake. Alikuwa anakwenda kuchukua dira. Jioni hiyo hakuwa na jambo lingine, wala kesho yake.

Tangu mkewe Fumiyo afariki, alikuwa ameingia ganzi. Si huzuni, huzuni angeijua. Chakula kilipita kooni kama karatasi. Siku moja maji ya moto yalimmwagikia mkononi, akaona ngozi inawiva, ndipo akakumbuka kuuondoa. Kilichomtoa ndani ni vyombo vyake tu: dira za ndege za vita, saa za marubani, vipimo vya jua na nyota, vyote vya jeshi la majini la zamani. Alivisafisha, akavitia mafuta, akavipanga rafuni. Basi.

Aliyemwelekeza huko juu ni Isogai, mkusanyaji mwenzake.

"We kunguru wa vyuma vya marehemu," Isogai alimwambia kwenye simu, huku anatafuna kitu. "Kuna bibi mmoja ana dira ya ndege ya baharini. Mimi alinitazama mara moja akanifungia mlango. Jaribu wewe, na hiyo sura yako ya mazishini. Huenda akakupenda."

Bibi Okazoe alimpokea bila maneno mengi. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, mbali na maji, lakini ndani mlinuka mwani. Mwani, na mafuta ya injini.

"Unaishi na nani?" aliuliza.

"Peke yangu, bibi."

"Mkeo?"

"Ametangulia."

Bibi alimkagua kama mtu anayenunua samaki. Kisha akasukuma mbele kisanduku cheusi cha mbao. Munekata alifunua. Dira ilikuwa safi ajabu, kioo hakina ufa, majimaji ambamo sindano yake inaelea yamegeuka rangi ya chai.

"Ya kaka yangu, Kiyohiko. Yeye ndiye aliyewaonyesha njia wenzake ndani ya ndege. Walianguka kusini huko, baharini, asionekane hata mmoja. Vita vikaisha. Asubuhi moja mama anafungua mlango, anaikuta hii kizingitini inachuruzika maji."

"Nani aliileta?"

"Wewe ndiye fundi wa vyombo. Niambie wewe."

Nje, mwanga ulikuwa unakufa. Mtu alikuwa anapanda ngazi.

Chap... chap... chap...

Nyayo za miguu iliyolowa. Zikasimama mlangoni.

"Nimerudi," ilisema sauti ya kijana.

Munekata alifungua kinywa. Tangu utotoni, arudiye nyumbani husema hivyo, na aliye ndani humjibu "karibu" bila kufikiri. Lakini kiganja cha bibi kilikuwa kimeshamziba mdomo. Kiganja baridi, chenye harufu ya kafuri.

"Usijibu," alinong'ona.

Walikaa hivyo... Upepo ulipiga dirisha. Mwisho nyayo zikageuka, zikashuka, chap, chap, mpaka zikapotea.

"Mama alimjibu," bibi alisema baada ya kumwachia. "Kila magharibi, mpaka akawa hatusemeshi tena sisi tuliobaki hai. Mimi sijamjibu hata mara moja, mwanangu. Na kaka ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Kunyamaza kunachosha kuliko jembe."

"Kwa nini unanipa mimi?"

"Wananihamishia nyumba ya wazee. Kule kuna vikongwe wamejaa, masikio mabovu, midomo myepesi. Watajibu tu." Akamshika mkono. "Usimjibu. Ndege ile ilikuwa na watu wengi, na ni yeye peke yake aliyejua njia."

Munekata alishuka ngazi na kisanduku kifuani. Alijua angepaswa kuogopa. Aliitafuta hofu ndani yake kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo. Hakuipata.

Nyumbani aliiweka rafuni pamoja na nyingine. Dira zote zilielekea kaskazini. Hii ilizunguka polepole ndani ya majimaji yake ya chai, ikatulia imeelekea mlango wa mbele. Aligeuza kisanduku. Ikarudi palepale.

Magharibi ya kwanza sauti ilipokuja, alinyamaza. Ya pili pia. Ikafika jioni ya mvua, mbele yake bakuli la wali uliopoa, akaisikia tena.

"Nimerudi."

Neno hilo halikuwa limesemwa kwenye nyumba ile tangu Fumiyo apelekwe hospitali.

"Karibu," alisema. Lilimtoka tu, kama kikohozi.

Mlango ukateleza. Hapakuwa na mtu. Maji yaliingia, yakatambaa sakafuni, yakasimama karibu na meza. Harufu ya mwani ikajaa chumbani.

Kisha, nje, sauti nyingine. Nzito, yenye mikwaruzo.

"Nimerudi."

"Karibu."

"Nimerudi..."

"Karibu."

Waliingia mmoja baada ya mmoja mpaka Munekata akapoteza hesabu. Hao hawakuwa watu wa ndege moja. Kila aliyepotea kwenye maji yale, pengine, alikuwa amemfuata mwenye dira. Naye aliwaitikia wote, akiwa ametega sikio. Kama hawa waliopotea wameiona njia, labda na Fumiyo alikuwa amepotea mahali. Labda angetokea nyuma yao.

Hakutokea. Jioni iliyofuata Munekata aliwajibu tena, kwa ajili hiyo hiyo. Na iliyofuata.

Siku ya Jumapili binti yake, Chinatsu, alikuja kumtazama. Alifungua mlango akasimama palepale nje, sufuria ya mchuzi mkononi.

"Baba... una wageni?"

"Sina. Kwa nini?"

"Hivi viatu."

Munekata aliangalia. Aliona saruji ya mlangoni iliyolowa tu.

"Ni vya nani vyote hivi?" Sauti ya Chinatsu ilishuka ikawa mnong'ono. "Mbona vyote vimeelekea ndani?"

Mgeni mwenye adabu akivua viatu mlangoni huvigeuza vikatazama nje, tayari kwa kuondoka.

Chinatsu aliitua sufuria chini taratibu. Akanyoosha mkono bila kukanyaga ndani, akamvuta baba yake kama anavyovutwa mtoto barabarani, na malapa yake vilevile miguuni, mpaka kwenye gari. Hawakusemezana hadi Hiroshima, alikoishi binti na mumewe na mtoto wao, ghorofani.

Isogai ndiye aliyekwenda kuvichukua vyombo. Akapiga simu siku chache baadaye, mchangamfu.

"Mzee mwenzangu, dira yako nzima kabisa! Inaelekea kaskazini, haitetereki hata kidogo."

"Na jioni? Mlangoni?"

"Mlangoni kuna nini? Nimeiweka hapa kwangu, kimya tu. Hata kwako nilikuta pakavu, hapanuki chochote. Walishaondoka hao wageni aliowasema binti yako, kama walikuwepo."

Munekata alikata simu. Vidole vikaanza kumchoma, kama mguu uliolaliwa unapoanza kuamka. Kwa hiyo hawakuwa wakiifuata dira tena. Walikuwa wanamfuata aliyewakaribisha.

Hofu ilikuja sasa. Imechelewa, lakini ilikuja yote.

Dirisha lilikuwa jekundu, kisha likawa jivu. Jikoni Chinatsu alikuwa anakata figili, amempa mgongo, anamsubiri mumewe aliyekwenda kumchukua mtoto shule ya chekechea. Huko koridoni lifti ilifunguka.

Chap... chap... chap chap chap...

Usijibu, Munekata alitaka kusema. Alijaza pumzi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Tumerudi," zilisema sauti za nje. Nyingi, za wanaume, kwa pamoja.

Na nyuma yao, ndogo, yenye uchovu, sauti ya mwanamke. Aliijua. Au aliitaka sana kuwa ile aliyoijua.

Munekata alifunga mdomo.

Kisu kilitulia juu ya ubao. Bila kugeuka, kwa furaha, kama anayewapokea mumewe na mtoto, binti yake akajibu:

"Karibuni!"