Koki Aliyoijua Diwani Peke Yake

Baba yangu alikuwa hanywi chai ya moto. Si kwamba haipendi. Hakuwa na nafasi. Kila asubuhi namwekea kikombe mezani, na kabla hajakigusa, hodi mlangoni! Huyu anataka barua ya mtoto wa shule. Yule amegombana na jirani yake kwa ajili ya uzio. Baba anainuka na kuitikia kwa sauti yake nene: "Nipo!" Akirudi, chai imepoa na nzi ameshatangulia.

Baba alikuwa diwani wa kata yetu kwa miaka ishirini. Watu walimwita Mzee Nipo. Mimi ni binti yake, fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea kiko njia panda, jirani na duka la mkaa. Zamani ungeniuliza, ningekwambia baba atakuwa diwani mpaka mwisho wa dunia, na asiyependa shauri yake.

Basi siku moja likaja tangazo. Wananchi wanaombwa maoni: je, diwani awe na ukomo? Yaani achaguliwe vipindi viwili vya miaka mitano, kisha ampishe mwingine?

Nilipandwa na hasira, sindano ikanichoma kidole.

"Wanamtaka nini baba yetu?" nilimwuliza wifi yangu, mke wa kaka. Yeye ni muuguzi katika zahanati, na tunaishi nyumba moja. "Mtu anafanya kazi vizuri, halafu unamwambia toka! Ni adabu hiyo?"

Wifi alikuwa anakunja sare yake. "Wifi, hakuna aliyemtaja baba. Sheria ni ya wote. Itamhusu mzuri, itamhusu na mbaya."

"Basi imhusu mbaya tu!"

"Na huyo mbaya atakubali kwamba ni yeye?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Ngoja niseme ukweli. Sikuwa naogopa sheria. Nilikuwa namwogopea baba. Mama alishafariki. Baba akikosa hodi za asubuhi, atabaki na nini? Niliona atanyauka mbele ya macho yangu. Kwa hiyo nikaanza kampeni yangu. Kila aliyekuja kupima nguo nilimfundisha swali la kuuliza kwenye mkutano. Kinyozi wa mtaani nilimkaririsha mara tatu.

Wiki hiyohiyo baba alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alirudi nyumbani na bandeji kwenye jicho la kulia. La kushoto nalo halikuwa la kutegemea. Wifi akamwonya: "Baba, usiiname, usibebe kitu, na bandeji isilowe."

"Sawa, mwanangu," baba akasema. Alikaa kwa utulivu siku moja nzima.

Siku ya pili asubuhi, bomba kubwa la maji likapasuka pale njia panda. Maji yaliruka juu kuliko mlango. Kufumba na kufumbua, chumba changu kilikuwa bwawa, vitambaa vinaelea. Lakini cha kutisha kilikuwa nyumba ya Mama Pacha, mteremkoni. Ana watoto wa wiki mbili, na nyumba yake ni ya matofali ya udongo.

"Fungeni koki!" watu wakapiga kelele.

Koki iko wapi? Tukatazamana. Mradi ule wa maji ulijengwa baba akiwa diwani mpya. Yeye mwenyewe alishika sururu. Fundi wa mradi alitaka kuchora ramani ya koki zote, baba akamkatalia kwa maneno ambayo sisi nyumbani tuliyafanya kichekesho: "Ramani ya nini? Mimi nipo!" Fundi yule alikuwa ameshakufa. Koki za kata nzima zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na bandeji.

Nilikimbia nyumbani. Baba alikuwa ameshasimama anatafuta viatu.

"Baba, umekatazwa!"

"Nishike mkono," alisema.

Nikamwongoza. Watu wakapiga makofi: Mzee Nipo amefika! Baba akauliza, "Ule mwembe wa kona uko wapi?"

"Ulikatwa zamani, mzee."

"Basi nipelekeni kwenye jiwe la mpaka."

Jiwe nalo lilikwishaondolewa, barabara ilipopanuliwa. Baba akahesabu hatua kutoka alipodhani. Wakachimba. Udongo mtupu. Akahesabu tena, wakachimba, udongo mtupu. Shimo la tatu likajaa maji kabla hawajamaliza. Mama Pacha alikuwa amesimama barabarani na vichanga wake, mmoja kila mkono, analia. Mimi nilimwona baba akigeuka huku na huku kama aliyepotea. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya msiba wa mama.

Mara akajipiga kichwani. "Duka la mkaa! Koki iko chini ya kibaraza cha duka la mkaa!"

Muuza mkaa, mama mwenye maneno machache, akashika kiuno. "Mzee, kibaraza hiki nilikijenga kwa kibali chako. Ulikuja ukapima mwenyewe."

"Nilisahau," baba akajibu. "Nilisahau, mama. Vunjeni."

Wakavunja saruji kwa nyundo. Koki ilikuwepo, ina kutu. Maji yalipokata, saa mbili zilikuwa zimepita. Na ukuta wa Mama Pacha ulikuwa umeanguka juu ya kitanda walichokuwa wamelalia wale watoto.

Nyumbani, wifi alimbadilishia baba bandeji iliyolowa. Hakumgombeza.

"Sema tu, mwanangu," baba akasema.

"Baba, nikuulize. Mimi zamu yangu zahanati inaisha saa nane. Unajua nafanya nini kabla ya kutoka?"

"Unavua sare."

"Kwanza naandika kitabu cha makabidhiano. Mgonjwa huyu kapewa dawa saa ngapi, yule mzio wake ni nini. Wa zamu inayofuata anasoma mbele yangu, anauliza, ndipo naondoka. Naandika kwa sababu najua saa nane naondoka. Ningekuwa sijui siku ya kuondoka, ningeandika ya nini? Ningesema yote yamo kichwani."

Mimi nikaingilia, maana ulimi wangu hauna breki. "Lakini wifi, mwenye uzoefu akiondoka, si tunapata mwanafunzi asiyejua kitu?"

"Ndiyo, hilo ni tatizo la kweli. Ukomo peke yake hautoshi. Lazima yawepo na makabidhiano, na aliyetoka awe tayari kuulizwa. Hafukuzwi mtaani, wifi. Anatoka kwenye kiti tu."

"Na mimi nitakuwa nani?" baba akauliza taratibu.

Lilikuwa swali langu lile lile. Wifi akamfunga bandeji, akasema, "Utakuwa baba yetu. Na utakunywa chai."

Mkutano wa maoni ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Kinyozi akasimama, akatoa swali langu bila kukosea neno: "Kama diwani ni mzuri na tunampenda, kwa nini sheria itunyime haki ya kumchagua?"

Akanikonyeza. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akanyanyuka. "Swali zuri. Nikuulize nawe. Uchaguzi uliopita ulinichagua dhidi ya nani?"

Kinyozi akakuna kichwa. "Ulipita bila kupingwa, mzee."

"Na uliotangulia?"

"Bila kupingwa."

"Sasa ulichagua nini? Muuza mkaa alitaka kugombea. Akaendewa dukani, akaambiwa anamvunjia mzee heshima. Akaacha."

Aliyekwenda dukani nilikuwa mimi. Nilidhani baba hajui. Muuza mkaa alinitazama mara moja tu, na ilitosha.

"Mtu akikaa sana kwenye kiti," baba akaendelea, "wengine wanaona aibu hata kukisogelea. Mimi sikuiba kitu chenu. Niliwapenda. Lakini nilijifanya sitaondoka, na ukuta ukaangukia kitanda cha watoto. Naunga mkono vipindi viwili. Na sisubiri sheria. Sigombei tena."

Jicho lilipopona, baba alianza kuzunguka kata akiwa na daftari. Kila Alhamisi alitangulia, watu nyuma. Anasimama, anaonyesha, mmoja anapima, mwingine anaandika. Mimi nilikuwa na kopo la rangi nyekundu, napaka namba juu ya mfuniko wa kila koki. Zilifika thelathini na moja. Mbili zilikuwa chini ya nyumba za watu, kwa kibali cha baba. Vijana wakajenga upya ukuta wa Mama Pacha. Muuza mkaa nilimwendea mwenyewe na kumwomba radhi. Akasema, "Nishonee gauni la kampeni, yaishe." Nikamshonea.

Waligombea watu wanne, akashinda yeye. Baba alimkabidhi daftari mbele ya watu wote, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka uliofuata sheria ya vipindi viwili ikapita, naye diwani mpya anajua siku yake ya kuondoka.

Juzi asubuhi bomba lilipasuka tena. Tulisikia kelele kutoka njia panda. Baba alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini, akavaa kiatu kimoja, akasubiri hodi.

Hodi haikuja. Kelele ziliendelea kidogo, kisha zikakoma. Nilichungulia dirishani. Diwani alikuwa anafuta mikono kwenye gauni lake, daftari kwapani, na Mama Pacha anaanua nguo zake kama kawaida.

"Wamefunga?" baba akauliza.

"Wamefunga, baba."

"Namba saba hiyo," alisema. Kisha akavua kile kiatu, akachukua kikombe, akapiga funda moja. Akaruka.

"Mtoto wewe, chai inaunguza!"

"Chai ndivyo ilivyo, baba," nikamwambia. "Ulisahau tu."