Jina Lililoachwa Wazi

Saa nne asubuhi, watu wakinywa chai, kompyuta ya masjala ilijiwasha yenyewe. Ikamkaribisha kazini karani wa masjala, aliyeitwa Shangazi na ofisi nzima. Shangazi alikuwa na miezi minne kaburini.

"Hitilafu ndogo tu," alisema Fundi Mkuu, msimamizi wa mtandao. Mwongo mkubwa! Jasho lilikuwa likimtiririka. Chumba kilinuka pipi za mnanaa, na katika ofisi ile mlaji wa pipi za mnanaa alikuwa mmoja tu, marehemu.

Tusifichane. Ofisi ina kompyuta mia tisa, na Fundi aliagizwa achague programu moja ya kuzisimamia zote: nani aingie, nani afungiwe, mashine ipi ipate nini. Zililetwa tatu. Utaratibu ni kuzijaribu kwanza kwenye kompyuta mbili za pembeni, zisizoungana na nyingine. Lakini bwana alikuwa na haraka, mkurugenzi anataka jibu. Akamwendea Shangazi, akamwomba neno lake la siri, ajaribie kwenye akaunti yake.

"Chukua, mwanangu," Shangazi alimwambia, wala hakuuliza la nini.

Fundi akaipa akaunti ile funguo za mtandao mzima, akaijaribu programu ya tatu humo humo. Alibofya mara moja tu, mafaili ya miaka kumi na tisa yakapotea. Rekodi ikaonyesha jina la Shangazi. Fundi akanyamaza kimya, jamani, akamwangalia mama wa watu akilia mbele ya wakubwa. Mama akafukuzwa, presha ikampanda, akafa. Na akaunti ya marehemu, Fundi hakuthubutu kuifunga, maana ukiifunga mkaguzi huipitia rekodi yote.

Basi ikawa kila siku saa nne. Leo kompyuta moja, kesho kumi, keshokutwa ghorofa nzima ikiwaka chumba baada ya chumba, na kwenye spika kikohozi kikavu kinasikika, kile kile cha Shangazi, kikianzia masjala, kikipita ukumbini, kikipanda ngazi polepole mpaka mlangoni kwa Fundi, hapo kikasimama, na Fundi akiwa chini ya meza ameziba masikio kwa viganja huku akikisikia vilevile.

Mkurugenzi haamini majini. Alisema aliyeingia kwa jina la marehemu ni bintiye, mpokezi wa wageni, kwamba mama alimwachia neno la siri. Akampa barua: Ijumaa mwisho wako.

Wafanyakazi wakaleta mganga kwa mlango wa nyuma. Aligusa kompyuta moja, akautoa mkono upesi.

"Huyu si marehemu," alinong'ona. "Marehemu amelala zake. Hili ni jini. Limekuta jina halina mwenyewe, na milango yote imefunguliwa, likaingia. Nani aliyeliacha wazi?"

Fundi alirudi hatua moja, akajificha nyuma ya wenzake.

"Haya," alisema mganga. "Mimi silitoi. Litatoka mwenye kosa akilisema kosa lake kwa aliyemkosea."

Ijumaa, binti alikuwa akifunga vitu vyake ndani ya boksi. Kikohozi kilikuwa tayari kimefika ukumbini. Fundi akamsogelea.

"Dada, mafaili niliyafuta mimi. Mama yako hakugusa kitu. Nimeshamwandikia mkurugenzi, kazi yako haitaguswa. Nisamehe."

Kikohozi kikakatika. Skrini zikazimika zote kwa pamoja, na harufu ya mnanaa ikaondoka.

Binti hakushtuka. Aliweka kikombe chake ndani ya boksi.

"Najua. Mama alijua. Alisema, 'Mwache, ni mwanangu, atakuja kusema mwenyewe.' Kila jioni alitaka kiti chake kigeuzwe kuelekea mlangoni. Mpaka siku ya mwisho."

"Nisamehe, dada."

"Mimi hukunikosea sana, kaka. Aliyekuwa akikusubiri ni mama."

Akabeba boksi lake, akaondoka, barua ya kurudishwa kazini hakuisubiri.

Watu walishangilia, jini limetoka! Fundi alipanda ngazi peke yake, akajifungia. Akaandika jina la Shangazi, kompyuta ikajibu kwamba hakuna mtu huyo. Akaenda ya pili, ya tatu, ya kumi, akizigonga skrini kwa vidole kama anayebisha hodi kwa watu.

"Shangazi," aliita kwa sauti ya chini, "ni mimi. Nimekuja."

Hakuna aliyeitika.