Waya Haukuzoea

Kokushubila anauza ndizi Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa. Kila asubuhi mumewe, Eliaichi, hupandisha mikungu kabla hajaenda kazini. Huitundika kwenye bomba la chuma, na bomba lenyewe limening'inizwa darini kwa waya mbili.

Chini ya bomba hilo hukaa mama yake Eliaichi. Anamenya ndizi za wateja wenye haraka, anapiga soga, na kiti chake hakihamishwi na mtu.

Mwanzoni walitundika mikungu mitatu. Biashara ikachangamka, wakafikisha sita. Siku moja Kokushubila aliona ndizi zinakaribia kugusa kilemba cha mama mkwe.

"Baba, hizi waya zimeshuka," alisema.

"Waya mpya ndivyo ulivyo," Eliaichi akajibu. "Unazoea mzigo. Ukishazoea, basi."

Alizikaza kwa koleo, bomba likapanda. Baada ya siku chache likashuka tena. Akakaza tena, na safari hii akasema waya ni mbishi.

Kokushubila hakuwa na amani. Angemwambiaje mama mkwe ahame? Ingeonekana anamfukuza dukani kwa mwanawe. Na Jumamosi ulikuwa unakuja mkungu wa saba. Akaenda duka la vifaa vya ujenzi la jirani yake, Zubeida, aliyewauzia zile waya.

"Da Zubeida, eti waya huwa unazoea mzigo?"

Zubeida akacheka. "Waya una akili gani ya kuzoea? Twende nikaone."

Alimkuta Eliaichi dukani. Akamwamkia mama yake, kisha akauliza, "Siku ya kwanza bomba lilikuwa wapi?"

Eliaichi akaonyesha mstari wa penseli kwenye nguzo.

"Fungua pale ulipokaza, halafu toeni mikungu yote. Chuma kizima ukikivuta hurefuka kidogo, ukikiachia hurudi. Huo ndio unyumbufu. Ukikivuta kupita uwezo wake, hakirudi tena."

Mikungu ikatolewa. Bomba likabaki chini ya mstari kwa vidole viwili.

"Waya wa mita moja, ukibeba mzigo wa haki, haurefuki hata milimita moja," Zubeida alisema. "Huu umerefuka vidole viwili. Haujazoea, shemeji. Umeharibika. Na kila ukiukaza unazidi kuuumiza."

"Si ni chuma, dada?" Eliaichi akauliza.

"Chuma nacho kina kiasi chake. Tupige hesabu. Kila mkungu kilo ishirini na tano?"

"Hapo hapo."

"Sita ni mia na hamsini. Bomba kumi. Jumla mia na sitini. Waya mbili zinagawana, kila mmoja themanini. Kilo moja ni nyutoni kumi hivi, kwa hiyo ni nyutoni mia nane. Sasa unene. Waya huu ni milimita mbili, nusu yake ni moja. Moja mara moja mara 3.14, unapata eneo la milimita za mraba 3.14. Gawa mia nane kwa hilo."

Eliaichi akatoa simu, akapiga hesabu. "Mia mbili hamsini na tano."

"Huo ndio mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila milimita ya mraba. Waya huu laini ukipita mia mbili haurudi tena. Mikungu mitatu haikufika hata mia na arobaini, ndiyo maana ulitulia."

"Basi nipe wa milimita nne. Nguvu mara mbili."

"Mara nne. Nusu ya nne ni mbili. Mbili mara mbili mara 3.14 ni 12.56. Mkazo unashuka hadi sitini na nne. Hapo utalala usingizi."

Mama mkwe hakuinuka kitini. "Mnanisumbua bure," akasema. "Waya amefunga mwanangu. Ataniangushia?"

Zubeida hakubishana naye. Waliukata waya mmoja wa zamani, wakautundika uani, wakaufunga gunia. Wakatia mchanga uliopimwa kwa mizani ya ndizi. Kilo themanini, ukashika. Themanini na tano, ukashika. Tisini, ukakatika, na gunia likatua kwa kishindo.

Eliaichi alipiga hesabu mwenyewe, polepole. Mikungu saba na bomba ni kilo mia na themanini na tano. Kila waya, tisini na mbili na nusu.

"Jumamosi," alisema, akakitazama kiti cha mama yake.

Siku hizi waya ni za milimita nne. Eliaichi amechora mstari mpya kwenye nguzo. Kila mikungu ikishauzwa hutazama kama bomba limerudi pale pale, na hurudi.

Mama yake hakusubiri kuombwa. Jioni ya siku ile ya gunia alibeba kiti chake, akakiweka pembeni.

"Koku," alisema, "ulikuwa unajua siku zote hizi, ukaona haya kuniambia?"

"Ndiyo, mama."

"Siku nyingine niambie. Mama mkwe mwenye hasira ni afadhali kuliko aliyezikwa."