Blanketi la Maharagwe

Kila Jumamosi nyumba yetu ya Ganshoren, Ubelgiji, ilinuka Lubumbashi, mji wa kwao maman. Maman yangu, Sidonie, alifanya usafi katika hospitali moja upande wa Jette, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kupika. Alibandika maharagwe tangu asubuhi. Pembeni alikaanga bitoyo, wale samaki wa chumvi. Sufuria ilitokota mpaka mchana, na redio iliimba. Hata leo nikinusa samaki wa chumvi barabarani, mimi Sephora huinua macho kulitafuta dirisha letu.

Lakini maman alikuwa na aibu moja. Jirani mmoja Mbelgiji aliwahi kushika pua kwenye ngazi. Tangu hapo, maman akipika alifungua madirisha yote, hata wakati wa theluji. Baridi ikiingia, aliwasha chauffage, ile mitambo ya kupasha nyumba joto, mpaka mwisho. Tulikula tumevaa makoti, na chauffage inaunguruma nyuma yetu. Tuliipasha joto Ganshoren nzima, na Ganshoren haikusema asante.

Jumamosi moja ya Desemba 2008, Rukiya wa orofa ya chini alipanda kutuletea sambusa. Rukiya alikuwa Mrundi, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Alifanya kazi katika shirika dogo lililofundisha watu kutumia moto na umeme kwa akili. Alisimama mlangoni akashangaa.

"Mama Sephora, dirisha liko wazi na chauffage inawaka?"

"Ni harufu, Rukiya. Bazungu banasema tunanuka."

"Na joto lako linakwenda wapi?"

"Inaenda kwabo," maman akasema, akacheka.

Rukiya hakucheka sana. Alikaa mezani, akauvuta mfuko wa maharagwe.

"Bon, tupime unyayo wako. Kila mtu anakula, anaota moto, anasafiri. Vyote hivyo vinatumia ardhi, na moshi wake unabaki hewani. Ukijumlisha vyote, huo ndio unyayo wa mtu juu ya dunia. Watu wote wangeishi kama sisi hapa Ubelgiji, tungehitaji zaidi ya dunia tatu."

"Na tuko na moja," maman akasema.

"Tuko na moja tu."

Basi Rukiya akaanza kuuliza, na kwa kila jibu aliweka maharagwe mezani. Maman alikwenda kazini kwa basi: punje chache. Nguo hakununua ovyo: punje chache tena. Nyama ilipata konzi moja. Sombe, majani ya muhogo yaliyokuja kwa ndege, tuliyonunua karibu na Chaussée d'Ixelles, nayo ikapata yake. Chauffage ikapata konzi kubwa, na maman akakuna kichwa.

"Na Lubumbashi unakwenda mara ngapi?"

"Kila mwaka. Dix jours, siku kumi tu, kumuona maman yangu."

Rukiya alisita kidogo. Kisha akamimina. Rundo la ndege likayapita marundo yote.

Maman aliyakusanya maharagwe yote kwa mkono mmoja, akayarudisha mfukoni.

"Donc munataka nisimuone maman yangu? Eko na quatre-vingts ans, miaka makumi nane, Rukiya. Kila mara ninamuaga, ninajua inaweza kuwa ya mwisho."

"Sijasema hivyo."

"Maharagwe njo imesema."

Niliogopa kwamba Rukiya ataondoka. Hakuondoka. Aliongea polepole.

"Hii siyo kesi, dada yangu. Tunapima ili tujue pa kupunguza. Anza pale ambapo hapaumi. Maman yako kule, maharagwe anapika namna gani?"

"Ku mbabula, jiko ya makaa. Lakini makala iko bei. Anachemusha, kisha anatoa ku moto, anafunga sufuria na blanketi. Njo anaenda ku soko. Akirudia, imeshaiva."

"Na harufu?"

"Harufu itatokea wapi? Imefungwa ndani ya..."

Maman hakumaliza. Aliitazama sufuria yake, iliyokuwa inatokota tangu asubuhi. Alikuwa ametusimulia mengi ya Katuba, mtaa wao wa Lubumbashi, lakini blanketi hakulitaja hata siku moja. Nadhani alilihesabu kuwa umaskini, na umaskini aliuacha uwanja wa ndege.

Jumamosi iliyofuata tulijaribu. Maharagwe yalilala majini. Asubuhi yalichemka kwa nguvu zaidi ya robo saa, maana yasipochemka vizuri yanadhuru tumbo. Kisha maman aliifunga sufuria kwa blanketi zito, akaiweka ndani ya kikapu. Baada ya saa nne akaifungua, akayachemsha tena kidogo, tukala. Bitoyo aliwakaanga haraka. Chauffage ilizimwa, madirisha yakafunguliwa dakika kumi, yakafungwa, nayo ikawashwa tena, chini. Tulikula bila makoti.

"Na ndege?" maman alimuuliza Rukiya kwenye ngazi.

"Hiyo utaamua mwenyewe. Lakini ukikaa dix jours, ukikaa miezi miwili, moshi wa ndege ni ule ule."

Jumapili maman alimpigia simu mama yake, bibi yangu, ambaye kwetu huitwa Kambo. Alilia, akaeleza kwamba anafikiria kwenda mara chache lakini akae sana. Kambo alisikiliza, kisha sauti yake ikajaa chumba.

"Ukikuyaka siku kumi, unashinda kusalimia bantu. Hata kuku haiyakuzoea, unarudia. Mi siyakuona bado. Kuya uikale: uje, ukae kabisa."

Basi maman hakwenda mwaka 2009. Hakwenda 2010. Noeli za miaka hiyo miwili zilikuwa chungu, sitadanganya. Alipanga likizo zake, akaomba na likizo isiyo na mshahara. Wakati wa kiangazi alilima lengalenga, yaani mchicha, katika bustani ya pamoja kule Jette, na sombe ya ndege tukaiachia sikukuu tu. Mwaka 2011 tulikwenda, mimi na yeye, tukakaa Lubumbashi miezi miwili. Kuku walituzoea mpaka wakatuchosha. Asubuhi Kambo na maman walichambua maharagwe, wakigombana juu ya mambo ya zamani na kucheka. Sikuwahi kumuona maman akiwa mtoto wa mtu. Siku ya kurudi, Kambo alimkunjia blanketi lake.

Kambo alifariki mwaka 2014. Nilimngoja maman aseme kwamba heri angalikwenda kila mwaka kama zamani. Alikaa jikoni, mikono mapajani.

"Ile safari nilimuona," alisema. "Nilimuona kabisa."

Siku hizi Rukiya akija, maman ndiye anayepima nyayo za wageni kwa maharagwe, na haachi kuwatania. Madirisha yamefungwa. Chauffage iko chini. Sufuria imekaa kwenye kikapu chake. Kabla ya kuifungua, maman huingiza mkono wake chini ya blanketi la Kambo, huuacha humo kitambo.

"Ingali moto," husema.